Namba ya Chesi na Nasaba za Magari ya Italia

Kila gari lililotoka katika kiwanda cha Ferrari mjini Maranello lina namba iliyogongwa kwenye chuma cha chesi. Kwa mnunuzi wa miaka ya 1960 namba hiyo ilikuwa jambo la kadi ya gari na forodha, basi. Leo ndiyo inayoamua kama gari litauzwa kwa mamilioni ya dola au litahesabiwa kuwa nakala, na wapo watu waliotumia sehemu kubwa ya maisha yao kuzifuatilia namba hizo moja baada ya nyingine, kama wanavyofuatiliwa mababu katika ukoo.

Ufuatiliaji huo ulihitajika kwa sababu magari yenyewe yaliwahi kudharauliwa. Gari la mbio likishapitwa na msimu lilikuwa mzigo kwa mwenyewe. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964, na nchini Marekani moja mpya iliuzwa kwa kiasi cha dola 18,000. Miaka michache baadaye zilikuwa magari makuukuu kama mengine. Ile yenye namba 3589GT, baada ya kushindana Ulaya na Marekani, ilitolewa zawadi kwa shule ya sekondari ya mji wa Victoria, jimbo la Texas. Shule iliiuza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na aliyeinunua akaiacha juu ya trela uwanjani huko Ohio kwa miaka mingi, ikinyeshewa na kupigwa jua. Kwa kulinganisha, mwaka 2018 nyingine ya ukoo huohuo, namba 3413GT, ilipigwa mnada huko Monterey, California, kwa dola milioni 48.4.

Hiyo 3413GT inaonyesha pia kwa nini macho peke yake hayatoshi. Ilizaliwa mwaka 1962 ikiwa na bodi ya umbo la kwanza, kisha mwaka 1964 ikavishwa bodi ya umbo la pili katika karakana ya Scaglietti. Magari ya mbio yaligongwa, yakanyooshwa, yakabadilishwa injini usiku mmoja kabla ya mashindano, yakapakwa rangi ya timu nyingine. Picha mbili za gari moja zinaweza kuonekana kama za magari mawili. Kinachobaki ni namba, nazo si moja: iko ya chesi, iko ya injini, na zipo za ndani ambazo kiwanda kiligonga kwenye giaboksi na difu. Zikipatana na karatasi za kiwanda, gari lina kila kiungo chake cha asili. Zisipopatana, maswali huanza.

Hata mpangilio wa namba ni somo. Kwa miaka mingi Ferrari ilitoa namba shufwa kwa magari ya mbio na namba witiri kwa magari ya barabarani. 250 GTO ilikuwa ya mbio kwa kila hali, lakini ilisajiliwa kama gari la barabarani ili iruhusiwe katika daraja lake la mashindano, ndiyo maana namba zake ni witiri. Asiyelijua hilo huweza kupotea tangu hatua ya kwanza.

Baada ya chuma hufuata karatasi. Italia ina rejesta ya umma ya magari, PRA, iliyoanzishwa mwaka 1927, na humo hupatikana mfululizo wa wamiliki na tarehe zao. Namba za usajili za zamani zilibeba herufi za mkoa: MO kwa Modena, BO kwa Bologna, MI kwa Milano. Mwenye gari akihamia mkoa mwingine, gari lilipewa namba mpya. Kero kwa mwenyewe wakati ule, lakini alama ya njia kwa mtafiti wa leo. Huongezwa hapo orodha za washiriki wa mashindano, stakabadhi za gereji na picha za magazeti. Mmarekani Gerald Roush alianza mwaka 1976 kuchapa jarida la soko la Ferrari akiwa Georgia, na hadi alipofariki mwaka 2010 alikuwa amekusanya kumbukumbu za maelfu ya magari kwa namba zake. Viwanda vyenyewe vilichelewa: idara ya Ferrari ya kuthibitisha magari ya kale ilifunguliwa mwaka 2006, na ile ya Lamborghini, Polo Storico, mwaka 2015.

Ulaghai haukukosekana. Bei zilipopanda, Ferrari 250 GTE za viti vinne, ambazo zilitengenezwa kwa mamia na kuuzwa rahisi, zilivuliwa bodi ili mifupa na injini zake zitumike kutengenezea nakala za GTO. Na ulaghai mwingine ulikuwa wa kijinga zaidi. Mwaka 1978 gari lilifukuliwa uani Los Angeles: ilikuwa Ferrari Dino 246 GTS iliyoripotiwa kuibwa mwaka 1974 na kulipiwa na bima, kumbe imezikwa. Namba yake ya chesi ilikuwa 07862.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi ustadi wa kazi hii kinahusu Lamborghini Miura ya rangi ya machungwa inayoonekana mwanzoni mwa filamu ya The Italian Job ya mwaka 1969, ikipanda milima ya Alpi kabla ya kuharibiwa. Kwa miaka mingi mashabiki waliuliza ni ipi. Gari lililoangamizwa lilikuwa limeshapata ajali kabla ya filamu. Kwa picha za mwendo kiwanda kililazimika kutafuta zima la rangi ileile, nalo lilikuwa tayari na mteja wake. Enzo Moruzzi, dereva wa kiwanda aliyelipeleka na kuliendesha mbele ya kamera, alieleza baadaye kwamba viti vyake vya ngozi nyeupe viling'olewa visije vikachafuka, vikawekwa vyeusi vya majaribio. Baada ya siku chache gari lilirudi kiwandani Sant'Agata, likarudishiwa viti vyake na kupelekwa kwa mteja huko Roma.

Mwaka 2019, filamu ilipotimiza miaka 50, Polo Storico ililinganisha nyaraka za kiwanda, ushuhuda wa watu waliokuwepo na gari lenyewe, ikathibitisha kuwa ni chesi namba 3586, lililokuwa wakati huo katika mkusanyiko wa magari mjini Vaduz, Liechtenstein. Ushahidi mmoja ulikuwa wazi kwa kila mtazamaji tangu mwanzo: viegemeo vya kichwa vilifungwa kwenye kizigeu cha nyuma na hakukuwa na vya akiba, kwa hiyo katika filamu viti ni vyeusi na viegemeo ni vyeupe.