Bwawa la nyumbani lina maji ya baridi? Hivi ndivyo jua linavyoweza kulipasha joto bila kumaliza uniti za umeme

Juni na Julai zikifika, mabwawa mengi ya kuogelea ya majumbani Arusha hubaki mapambo. Mtoto anachovya mguu, anapiga kelele, anarudi ndani. Mchana jua linaweza kuwaka vizuri tu, lakini asubuhi maji ni ya barafu.

Wazo la kwanza kwa wengi ni kununua hita ya umeme. Kabla hujatoa hela, piga hesabu hii.

Uniti ngapi zinahitajika?

Chukua bwawa la urefu wa mita 8, upana mita 4 na kina cha wastani mita 1.5. Hilo lina lita 48,000 za maji.

Kulipandisha nyuzi joto 1 tu kwa hita ya kawaida ya koili kunakula kama uniti 56 za umeme. Ukitaka nyuzi 5, ni karibu uniti 280. Zidisha na bei unayonunulia LUKU. Na hapo bado hujagusa joto linalopotea usiku.

Sasa angalia upande wa jua. Bwawa hilo lina eneo la mita 32 za mraba. Siku yenye jua zuri, kila mita ya mraba inaweza kupokea nishati ya kama uniti 5. Jumla ni uniti 160 kwa siku, bure.

Kwa maneno mengine, bwawa lenyewe tayari linakusanya jua. Shida ni kwamba joto halikai.

Joto linakwenda wapi?

Mwizi mkubwa ni mvuke. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa mvuke huondoa takriban asilimia 70 ya joto linalopotea kwenye bwawa.

Kina cha maji kikishuka milimita 5 tu, lita 160 zimeondoka kwenye bwawa la mfano wetu. Zimeondoka na joto la zaidi ya uniti 100. Hiyo inatosha kushusha bwawa zima karibu nyuzi 2.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuzuia joto lisitoke. Kutafuta joto jipya kunafuata baadaye.

Hatua ya 1: Funika

Kifuniko cha plastiki chenye viputo vya hewa, kinachoelea juu ya maji, ndicho kinachotumika zaidi. Viputo vinatazama chini. Kile kinachopitisha mwanga kinaweza kukaa hata mchana, jua likaingia na mvuke ukazuiwa.

Ukishindwa kufunika saa zote, usikose usiku. Faida nyingine ni kwamba maji ya kuongezea hupungua.

Ukiweka dozi kubwa ya klorini, acha bwawa wazi kwanza hadi kiwango kishuke, la sivyo kifuniko kitachakaa haraka.

Hatua ya 2: Zuia upepo, ruhusu jua

Upepo huongeza mvuke. Ukuta au ua wa miti mifupi upande unaotoka upepo husaidia sana. Wakati huohuo, punguza matawi yanayoweka kivuli juu ya maji kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 jioni.

Hatua ya 3: Mabomba meusi

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kwenye video mtandaoni utaona koili moja ya bomba jeusi ikitoa maji ya moto. Mkononi ni ya moto kweli. Lakini koili ya mita 1 ya mraba hupata uniti 5 kwa siku tu, na hizo hazipandishi bwawa zima hata sehemu moja ya kumi ya nyuzi.

Ukubwa unaoleta tofauti ni kuanzia nusu ya eneo la bwawa hadi eneo lote. Kwa mfano wetu ni mita 16 hadi 32 za mraba.

Arusha iko kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Basi weka mabomba kwenye paa linalotazama kaskazini.

Maji ya moto hupanda yenyewe, hivyo mfumo unaweza kufanya kazi bila pampu ikiwa mabomba yako chini kuliko bwawa. Kwa bwawa lililochimbwa ardhini hilo ni gumu, ndiyo maana wengi hutumia pampu ya kichujio. Iwashwe jua likiwaka tu. Usiku mabomba hayohayo hupoza maji.

Tahadhari: kifuniko si uzio

Kifuniko kinachoelea hakiwezi kubeba mtoto. Akikikanyaga kinazama naye, kinamzunguka, na wewe uliye nje huoni kitu. Uzio na geti linalojifunga vinahitajika hata bwawa likiwa limefunikwa. Kabla ya kuogelea, toa kifuniko chote, usikikunje nusu.

Kupaka sakafu rangi nyeusi pia huvuta joto, lakini hufanya iwe vigumu kumwona mtu aliyezama.

Usitegemee muujiza

Wiki ya mawingu mfululizo, ambayo Arusha inaijua vizuri, jua litasaidia kidogo tu. Kwa Dar es Salaam, bwawa nyingi hazihitaji haya yote.

Anza kwa kununua kipimajoto. Pima maji jioni na asubuhi kwa wiki moja bila kufunika, kisha wiki moja ukiwa umefunika. Tofauti utakayoiona ndiyo itakuambia kama kuna haja ya kumwita fundi bomba.