Malipo kwa Ubora wa Kazi: Mizani ya Makhalifa

Siku hizi serikali nyingi hutaka mtumishi alipwe kwa kadiri ya utendaji wake. Wako wanaouona huo kuwa ndio uadilifu, na wako wanaouona kuwa ni mlango wa upendeleo. Tukirejea historia yetu, tunakuta Masahaba (r.a.) walikwisha kuhitilafiana katika jambo linalokaribiana na hili.

Sayyidna Abu Bakr (r.a.) aligawa mali ya Baitul-Mali sawa kwa sawa. Alipotakiwa awazidishie waliotangulia katika Uislamu, alijibu kuwa ujira wa kutangulia kwao uko kwa Allah. Mali hii ni ya maisha, na katika maisha usawa ni bora. Sayyidna Umar (r.a.) hakuona hivyo. Alipoanzisha Diwani, yaani daftari la majina na posho, aliwapanga watu kwa daraja. Kwake, aliyepigana pamoja na Mtume (s.a.w.) hawezi kuwa sawa na aliyempiga vita.

Lakini tuangalie alivyoishika mizani hiyo. Imamu Bukhari amepokea kuwa Umar aliwapangia Muhajirina wa mwanzo 4,000, na mwanawe Abdullah akampa 3,500. Alipoulizwa sababu, alisema kijana huyo alihamishwa na wazazi wake, wala si kama aliyehama mwenyewe.

Abu Yusuf ameeleza katika Kitabul-Kharaj kuwa mwishoni Umar alikusudia kuwasawazisha watu lau angeishi. Aliuawa mwaka 23 Hijria. Sayyidna Ali (r.a.) akarejea kwenye usawa. Mafakihi nao wakagawanyika: Shafii akaelekea kwenye usawa, Abu Hanifa kwenye daraja.

Ni kweli, posho ile haikuwa mshahara wa kazi, hivyo tusikisie bila hadhari. Hata hivyo tunajifunza mawili. Kwanza, kifaya hutangulia: Mawardi anataka askari apangiwe kwa kutazama idadi ya anaowalisha na bei za mahali alipo. Nyongeza ya ubora huja baada ya hapo. Pili, kipimo kiwe wazi, na kisipindwe kwa ajili ya jamaa. Mwalimu wa kijijini asiye na vitabu, akipimwa kwa matokeo ya mtihani sawa na mwenzake wa mjini, amedhulumiwa. Na mkubwa anayetoa alama bila kuulizwa na yeyote, na ajiulize: je, mwanangu ningempa 3,500?

Wallahu a'lam.