Kukopa kwa simu: mambo ya kuangalia kabla ya kujaza fomu

Washirika wa Kalemie wanatuuliza juu ya matangazo yanayopita kwenye Facebook na WhatsApp, yanayoahidi mkopo kwa dakika chache na bila dhamana. Mama anayeuza ndagala hahitaji kuelezwa utamu wake. Mitumbwi imefika asubuhi, bei ni nzuri, mtaji haupo, na banki itaomba hati ya kiwanja. Hatusemi kwamba kukopa ni dhambi. Lakini fomu hiyo fupi inachukua vitu vingi.

Tuanze na pesa zenyewe. Tuseme umeomba franka 100.000. Wanakata 15.000 za «huduma», unapokea 85.000, na baada ya siku 30 unarudisha 100.000. Faida yao ni karibu 18 kwa 100 kwa mwezi mmoja. Ukishindwa, ukawa unalipa 15.000 kila mwezi ili kuongezewa muda, baada ya miezi sita umetoa 90.000 na deni la 100.000 lingali palepale. Hata M-Shwari ya Kenya, iliyoanza mwaka 2012 chini ya banki halali, ilitoza 7,5 kwa 100 kwa mkopo wa siku 30, yaani 90 kwa 100 ukihesabu mwaka mzima. Kwa hiyo uliza maswali matatu: nitapokea ngapi mkononi, nitarudisha ngapi, siku gani? Uliza pia deni ni la dola au la franka. Anayeuza kwa franka na kudaiwa dola anaweza kuumizwa na soko la kubadilisha pesa tu.

Jambo la pili ndilo linalotusumbua zaidi. Programu nyingi za mikopo zinaomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote katika simu yako. Ukichelewa, wanampigia shemeji, mwalimu wa watoto, mchungaji. Biblia inaonya juu ya kumdhamini mtu; hapa unadhaminiwa na watu ambao hawakuulizwa hata mara moja. Mwezi wa 9 mwaka 2023 ofisi ya kulinda data ya Kenya ilitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2.975.000 kwa kutumia namba za namna hiyo kutishia watu. Kwa majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Banki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwezi wa 11 mwaka 2024 majukwaa na programu 69 zilizokopesha bila leseni. Matangazo hayajui mpaka. Yanafika Kalemie kama yanavyofika Kigoma.

Kwetu, sheria namba 11/020 ya tarehe 15 mwezi wa 9 mwaka 2011 inataka shirika la mikopo midogo liwe na kibali, agrément, cha Banki Kuu ya Kongo. Omba kukiona. Na sheria ya mambo ya dijitali, namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Anayekuambia utume kwanza pesa ya dosie au ya bima ndipo akupe mkopo, huyo ni mwizi, usimjibu. Namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money haiandikwi katika fomu yoyote ya mkopo.

Likelemba na AVEC za akina mama haziendi mbio hivyo, kweli, na sanduku linaweza kuwa tupu siku unayolihitaji. Lakini katika AVEC faida uliyolipa inarudi kugawanywa kati yenu wenyewe mwisho wa mzunguko.

Aliyekwisha kukopa asichukue deni la pili kulipa la kwanza. Atunze kila ujumbe na kila risiti ya malipo. Kuifuta programu hakufuti majina iliyokwisha kunakili, basi ni afadhali awaambie jamaa zake mwenyewe, kabla simu ya vitisho haijawafikia.