Hiari ya Askari Barabarani: Uingereza, 1896 hadi 1966

Neno hiari limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni uchaguzi: atendaye kwa hiari hakulazimishwa na mtu. Watafsiri wa sheria wameliongezea maana nyingine, ya nafasi aliyoachiwa mwenye madaraka achague ama kuitumia sheria ama kuiacha. Wako wanaopendelea kusema busara badala yake. Mimi sikubaliani nao. Busara ni sifa ya mtu, na hiari ni nafasi aliyopewa; askari aweza kuwa na nafasi hiyo mchana kutwa pasipo kuwa na sifa hiyo hata saa moja, na sheria haimwondolei nafasi kwa kukosa sifa. Tukiyachanganya maneno haya mawili tutakuwa tumekwisha kumsifu askari kabla ya kujua alilotenda.

Katika makala haya nakusudia kuitazama hiari hiyo mahali ionekanapo katika umbo lake dogo kabisa, yaani kando ya barabara, askari amsimamishapo dereva kwa kosa ambalo faini yake ni shilingi chache. Nimeichagua Uingereza kwa kuwa sheria za barabara za Kenya na Tanganyika zilifuata mfano wake, na kwa kuwa huko ugomvi baina ya askari na dereva ulifika mpaka Bungeni. Swali langu ni kwa nini ulifika huko. Maana askari kumsimamisha mtu njiani halikuwa jambo geni hata kidogo.

Polisi wa London waliundwa mwaka 1829. Sheria ya mwaka 1839 iliwapa uwezo wa kumsimamisha na kumpekua yeyote waliyemshuku kuwa amechukua mali ya wizi. Tena ilitaja makosa mengi madogo ya njiani, ambayo faini yake haikuzidi shilingi 40: kuviringisha pipa juu ya njia ya waendao kwa miguu, kupiga pembe, kurusha tiara, kuteleza juu ya barafu, kuendesha farasi kwa kasi ya hatari. Ni dhahiri kwamba askari asingeweza kumshtaki kila mtoto mwenye tiara. Kwa hiyo sheria yenyewe ilikuwa orodha tu, na hukumu ya kweli ilikuwa katika jicho la askari: huyu ataonywa, huyu ataambiwa aondoke, huyu atapelekwa kituoni. Walioishi chini ya jicho hilo walikuwa wachuuzi, vibarua, watoto wa mitaa ya maskini na wasio na makao. Hao walijua zamani kwamba namna ya kusimama mbele ya askari, na sauti ya kumjibu, ni nusu ya kesi. Mabwana wenye magari ya farasi hawakuhitaji elimu hiyo. Kwao askari alikuwa mtu wa kuwafungulia njia.

Motokaa ndiyo iliyoigeuza hali hii. Kwa sheria ya mwaka 1865 chombo chochote kilichokwenda barabarani kwa nguvu ya mashine hakikuruhusiwa kupita maili 4 kwa saa mashambani, wala maili 2 mijini. Mwezi wa Januari 1896 Walter Arnold, mtengenezaji wa motokaa, alipita katika kijiji cha Paddock Wood, wilaya ya Kent, kwa mwendo wa maili 8 kwa saa. Askari alimfukuza kwa baiskeli akampata. Kwa kosa la mwendo alitozwa shilingi moja, pamoja na makosa mengine na gharama. Mwaka huo huo sheria ililegezwa, na kikomo kikawa maili 14, ambacho serikali ilikipunguza kuwa 12. Kisha ikaja Sheria ya Motokaa ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika Januari 1904. Kikomo kikawa maili 20. Kila dereva akatakiwa kuwa na leseni, iliyouzwa kwa shilingi 5 pasipo mtihani wowote. Na kila gari likatakiwa kubeba namba. Wenye motokaa wengi walichukizwa na namba kuliko walivyochukizwa na ada. Waliona wamepigwa chapa kama magari ya kukodi.

Ndani ya sheria hiyo mlikuwa na kifungu kimoja kidogo kilicholeta mambo makubwa. Mtu asingeweza kutiwa hatiani kwa kuzidisha maili 20 kwa maoni tu ya shahidi mmoja. Bila shaka kusudi lilikuwa kumlinda dereva na jicho la askari. Lakini polisi walijibu kwa saa na kwa kipimo. Walipima sehemu ya barabara, mara nyingi thumni ya maili, yaani yadi 220. Askari mmoja akajificha huku nyuma ya ua wa miti, mwingine huko, wakapeana ishara gari linapoingia na linapotoka. Gari liendalo maili 20 kwa saa hupita yadi hizo kwa sekunde 22 na nusu. Lililopita kwa sekunde chache zaidi lilikuwa salama, na lililopita kwa sekunde chache pungufu lilisimamishwa. Hapo hiari haikuondoka. Ilihamia mahali pengine: ni barabara ipi ipimwe, siku gani, na sekunde ngapi zisamehewe. Barabara ya kutoka London kwenda Brighton, iliyopendwa na mabwana siku za Jumapili, ilipata sifa mbaya kwa mitego hiyo. Kilio kilichosikika katika magazeti kilikuwa juu ya kujificha hasa. Askari, walisema, anajificha nyuma ya majani kama mwindaji haramu! Hawakukumbuka kwamba mchuuzi wa mjini alikuwa akiviziwa tangu enzi za babu yake.

Mwaka 1905 kikaundwa chama kiitwacho Automobile Association, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka wapanda baiskeli barabarani wawatahadharishe wanachama kwamba mbele upo mtego. Mahakama ikaulizwa kama tahadhari hiyo ni kosa la kumzuia askari katika kazi yake. Katika shauri la Bastable v Little, la mwaka 1907, majaji walikataa, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba magari yaliyotahadharishwa yalikuwa yakivunja sheria. Lakini katika Betts v Stevens, shauri lililochapwa katika taarifa za mahakama za mwaka 1910, magari yalikuwa yamekwisha kuzidisha mwendo, basi aliyeyaonya alitiwa hatiani. Chama hakikushindwa. Desturi ya wapanda baiskeli wake ilikuwa kupiga saluti kila waonapo alama ya chama juu ya gari. Sasa wanachama wakafahamishwa kwamba asipopigiwa saluti, na asimame aulize sababu. Mwanasheria gani angemshtaki mtu kwa kutotoa salamu?

Wanafunzi wa lugha wataona ladha ya jambo hili. Ishara haikuwa tendo bali ukosefu wa tendo, nayo ilikuwa na maana kwa sababu tu saluti ilikuwa imekwisha kuwa ada. Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana, kwani kwetu salamu isiyotolewa ni habari kamili, pengine ndefu kuliko salamu yenyewe. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, lililo kubwa ni kwamba watu wenye mali, ambao ndio waliokuwa mahakimu, wabunge na wenye magazeti, walijifunza kwa mara ya kwanza kujihami na askari kwa lugha ya mafumbo, kama walivyofanya wanyonge wote kabla yao.

Yafaa hapa kuvuka bahari kidogo, kwa sababu katika miaka hiyo hiyo jambo la namba na la kusimamishwa njiani lilichukua sura nyingine katika Afrika ya Mashariki chini ya serikali ya Waingereza wale wale. Kenya ilitunga sheria ya kuandikisha wenyeji mwaka 1915, ikaanza kutumiwa kwa nguvu baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuchukua cheti chenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za kazi zake, na wengi walikitia ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Watu waliita cheti hicho kipande, neno letu la kawaida la sehemu iliyokatwa katika kitu kizima, ambalo tangu hapo lilibeba uzito usiofutika. Askari aliweza kukidai njiani, na asiyekuwa nacho alipata adhabu. Kuondoa kipande ni moja katika mambo aliyoyadai Harry Thuku kabla hajakamatwa Machi 1922. Uingereza namba ilitundikwa juu ya gari, na mwenye gari akalalamika Bungeni; Kenya namba ilitundikwa juu ya mtu, na mtu huyo hakuwa na mbunge wake. Wazungu hawakuandikishwa namna hiyo mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1947 iliyowahusu watu wa mataifa yote, nayo ilileta makelele miongoni mwao kwa sababu ya vidole kutiwa wino.

Turudi Uingereza. Sheria ya mwaka 1930 iliondoa kabisa kikomo cha mwendo kwa motokaa ndogo, kwa kuwa kikomo cha maili 20 kilikuwa kimedharauliwa na kila mtu, na askari na mahakimu wakiwemo. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa barabarani. Kikomo kikarudishwa, maili 30 penye nyumba nyingi, kuanzia tarehe 18 Machi 1935, na pamoja nacho mtihani wa udereva. Mwaka 1938 polisi wa Lancashire wakajaribu njia nyingine: askari wengi zaidi walitiwa barabarani, wakiagizwa waelekeze na kuonya kwa upole kuliko kushtaki. Watu waliwaita askari wa adabu. Nadhani jina hili linafundisha mengi. Miaka 30 kabla yake ilidhaniwa kwamba mwenye kupaswa kuonyesha adabu ni yule aliyesimamishwa; sasa serikali ilikuwa ikimwagiza askari awe na adabu kwa dereva. Vita vya mwaka 1939 vilikatiza jaribio hilo.

Tukio lililofikisha jambo hili kileleni lilikuwa dogo mno. Mwezi wa Desemba 1958 askari mmoja wa London alimsimamisha mchezaji wa tamthilia aliyejulikana sana, Brian Rix, kwa kuendesha kwa kasi. Mtu mwingine, mtumishi wa serikali, akaingia kati. Maneno yakazidi baina yake na askari, na baadaye mtumishi huyo akadai kwamba alishambuliwa na kuzuiwa pasipo haki. Alifungua kesi. Polisi wakaimaliza nje ya mahakama mwaka 1959 kwa kulipa pauni 300, huku wakisema kwamba kulipa si kukiri kosa, na askari hakuchukuliwa hatua yoyote ya nidhamu. Wabunge wakauliza: ikiwa askari hakukosa, kwa nini fedha za watu zimelipwa? Na ikiwa alikosa, kwa nini hakuadhibiwa? Swali la pili lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana, maana mahakama ilikuwa imekwisha kuamua mwaka 1930, katika shauri la Fisher v Oldham Corporation, kwamba halmashauri inayomlipa askari mshahara haiwajibiki kwa makosa yake, kwa kuwa atendapo kazi hutumia madaraka yake mwenyewe. Basi aliyeonewa alikuwa na mtu mmoja tu wa kumshtaki, naye ni askari mwenye mshahara mdogo.

Mwaka 1960 iliundwa Tume ya Kifalme juu ya Polisi, chini ya Sir Henry Willink. Katika uchunguzi wake wa maoni, watu 83 katika kila 100 walisema wanawaheshimu sana polisi, na taarifa yake ilitoka mwaka 1962. Sheria ya Polisi ya mwaka 1964 ikaamuru kwamba mkuu wa polisi wa kila jimbo awajibike mahakamani kwa makosa ya askari wake kazini, na malipo yatoke katika mfuko wa polisi; na kwamba kila lalamiko liandikwe na kuchunguzwa, ingawa wachunguzi walikuwa polisi wenyewe. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963. Nchi hizi zilirithi uwezo wa askari wa kumsimamisha dereva pamoja na hiari yake yote; ugomvi uliomfanya Mwingereza aiwekee hiari hiyo mlipaji na daftari la malalamiko hazikuurithi, kwa kuwa ulikuwa wa watu wengine.

Wala hiari yenyewe haikuguswa na sheria ya mwaka 1964. Hayo yalionekana mwaka 1966 katika shauri la Rice v Connolly. Mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu usiku, mahali palipokuwa na wizi, aliulizwa na askari atokako na aendako, akakataa kujibu sawasawa. Majaji walisema kwamba raia hana wajibu wa kisheria wa kumjibu askari, hata kama angekuwa na wajibu wa uungwana, na kwamba kunyamaza si kumzuia askari kazini. Dereva hakuipata haki hiyo kwa ukamilifu, maana sheria ya barabara ilimtaka asimame, ataje jina lake na kuonyesha leseni. Lakini hata kwa mwenda kwa miguu jaji mmoja, James, aliacha mlango wazi. Alisema hawezi kukana kwamba pengine namna ya mtu, ikiungana na ukimya wake, yaweza kuwa kosa la kumzuia askari. Namna hiyo ni ipi, jaji hakueleza. Wa kwanza kuipima, usiku ule na usiku wowote, alikuwa askari mwenyewe aliyesimama mbele ya mtu huyo.