Lupasi: tiba yake na usalama wa dawa za maumivu

Lupasi ni ugonjwa wa kudumu ambamo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Aina inayoelezwa hapa ni lupasi ya mwili mzima, ambayo inaweza kugusa ngozi, viungo, damu, figo, moyo, mapafu na ubongo. Ipo pia lupasi inayoishia kwenye ngozi tu, na ipo inayosababishwa na dawa, zikiwemo hidralazini ya shinikizo la damu na isoniazidi ya kifua kikuu. Hiyo kwa kawaida huondoka daktari akishaisimamisha dawa iliyoileta. Ugonjwa hauambukizi. Katika kila wagonjwa 10, takribani 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa na umri wa kati ya miaka 15 na 45. Watu wenye asili ya Afrika huupata kwa wingi kuliko Wazungu, tena kwa ukali zaidi, hasa kwenye figo.

Hakuna tiba inayoufuta kabisa. Zipo dawa zinazoutuliza kwa miaka mingi, na zipo zile ambazo mgonjwa hujinunulia dukani ili angalau usiku apate usingizi, yaani dawa za maumivu. Makundi haya mawili huchanganywa mno, na mara nyingi figo ndizo zinazolipa.

Dalili

Mgonjwa huanza kwa uchovu usioisha hata akilala, homa za kuja na kuondoka, vidonda vya kinywani ambavyo aghalabu haviumi, nywele kukatika, na viungo kukakamaa asubuhi. Upele unaotanda mashavuni na kuvuka juu ya pua ndio dalili inayojulikana zaidi, lakini picha nyingi za vitabuni huuonyesha mwekundu, juu ya ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huwa weusi uliokolea au rangi ya zambarau, na ni rahisi kudhaniwa kuwa ni madhara ya mkorogo. Jua huuchochea.

Kwa sababu dalili huja moja moja, ugonjwa huchelewa kutambuliwa. Homa hutibiwa kama malaria au taifodi, viungo huitwa baridi yabisi, na anayekonda huku nywele zikipukutika majirani huanza kunong'ona mambo mengine juu yake.

Jambo moja huwachanganya hata wahudumu wa afya wazoefu: katika lupasi, kinachouma sana si lazima kiwe ndicho kinachoharibika sana. Vidole vinaweza kuvimba hadi mtu akashindwa kufunga vifungo vya shati, lakini ni nadra lupasi kuila mifupa ya viungo kama inavyofanya baridi yabisi ya rumatoidi. Figo, kwa upande wake, huharibika bila kuuma. Dalili zake ni povu kwenye mkojo lisilokatika upesi, kope kuvimba asubuhi, vifundo vya miguu kujaa jioni, au shinikizo la damu kupanda kwa kijana asiyetarajiwa kuwa nalo. Mara nyingi hata hayo hayaonekani, na kinachogundua tatizo ni kijiti cha kupimia mkojo kinapobadilika rangi kwa sababu ya protini. Kijiti hicho ni cha bei nafuu, na kwa mgonjwa wa lupasi hakuna kipimo rahisi chenye faida kama hicho. Anayejipima ugonjwa kwa kiwango cha maumivu atajiona amepona siku ambayo figo zake zinazidi kudhoofu.

Vipimo

Kipimo cha kuanzia ni cha kingamwili ziitwazo ANA. Karibu wagonjwa wote wa lupasi wanazo, lakini wanazo pia watu wengi wasio na ugonjwa wowote. Kwa hiyo jibu la kukosekana huelekea kuiondoa lupasi, na jibu la kuwepo peke yake halitoshi kuithibitisha. Vigezo vilivyotolewa mwaka 2019 na vyama vya madaktari wa magonjwa ya viungo vya Ulaya na Marekani huanza na kipimo hicho, kisha hujumlisha alama za dalili na vipimo vingine: kingamwili dhidi ya DNA, picha kamili ya damu, protini ya mkojo na kadhalika. Figo zikishukiwa, huchukuliwa kinyama kidogo kwa sindano kikachunguzwe maabara, kwa maana dawa huchaguliwa kulingana na namna figo ilivyoshambuliwa.

Dawa zinazotuliza ugonjwa

Msingi wa tiba ni haidroksiklorokwini, ndugu wa karibu wa klorokwini ambayo wazee wa Afrika Mashariki wanaikumbuka kwa uchungu wake na kwa ule mwasho wa mwili mzima. Mwaka 1951 daktari mmoja wa Uingereza aliandika kwamba mepakrini, dawa nyingine ya malaria, iliwasaidia wagonjwa wa lupasi, na kutoka hapo ukoo mzima wa dawa hizo ukaanza kujaribiwa. Jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 1991 lilikuwa na wagonjwa 47 waliokuwa wametulia kwa haidroksiklorokwini. Waliobadilishiwa vidonge visivyo na dawa waliamshiwa ugonjwa mara mbili na nusu zaidi ya walioendelea nayo.

Shida yake ni kwamba haina haraka. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi mitatu, kabla mtu hajaona nafuu, na wengi huiacha katika kipindi hicho kwa kudhani haifanyi kazi. Kipimo kinachopendekezwa hakizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 hapaswi kuzidisha wastani wa miligramu 300 kwa siku, na kwa kuwa kidonge cha kawaida kina miligramu 200, huelekezwa kumeza kimoja leo na viwili kesho. Ikitumika kwa miaka mingi inaweza kudhuru retina ya jicho. Kwa kipimo hicho hatari haifiki asilimia 2 katika miaka 10 ya kwanza, lakini hupanda baadaye, na hupanda mapema zaidi kwa mwenye figo dhaifu. Ndiyo maana macho hupimwa mwanzoni, na baada ya miaka 5 kila mwaka. Ifungiwe mbali na watoto, kwani vidonge vichache vinaweza kumuua mtoto mdogo. Mwaka 2020, ilipotangazwa kuwa inatibu Uviko-19, iliadimika katika nchi nyingi na wagonjwa wa lupasi wakahangaika kuitafuta. Madai yenyewe hayakuthibitika.

Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ina sifa za kinyume: hufanya kazi ndani ya siku chache, na hudai malipo baadaye. Uso hujaa, sukari na shinikizo hupanda, mifupa hupungua nguvu. Madaktari hulenga kuishusha hadi miligramu 5 kwa siku au chini yake. Aliyeitumia kwa wiki nyingi hapaswi kuikatiza ghafla, kwa sababu tezi zake zinakuwa zimeacha kutengeneza homoni ya aina hiyo, na anaweza kuanguka na kuzimia. Nafuu yake ya haraka imeifanya ipendwe na wasio waaminifu pia: steroidi zimekutwa zimesagwa ndani ya dawa zinazouzwa kama mitishamba ya viungo, na anayezimeza hajui ni kiasi gani anatumia.

Figo au viungo vingine vya ndani vikiguswa huongezwa dawa za kupunguza nguvu ya kinga: azathioprini, mikofenolati, siklofosfamidi, na metotreksati kwa viungo na ngozi. Metotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu. Azathioprini haichanganywi na alopurinoli ya gauti bila daktari kujua, kwani moja huifanya nyingine kuwa sumu kwa uboho. Dawa mpya, kama belimumabu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 na anifrolumabu ya mwaka 2021, zinasaidia, ila bei yake iko mbali na mifuko ya wagonjwa wengi wa kanda hii.

Maumivu na dawa zake

Kabla ya kuuliza dawa gani, ni lazima kujua ni maumivu gani. Vidole vilivyovimba na kupata joto ni uvimbe wa lupasi, na dawa yake hasa ni ile inayoutuliza ugonjwa. Maumivu ya mwili mzima, yanayoandamana na usingizi mbovu huku vipimo vikiwa safi, mara nyingi ni faibromialjia. Hayasikii prednisoloni, na huhitaji mazoezi mepesi na usingizi kuliko vidonge. Maumivu ya kinena yanayozidi mtu anapokanyaga, kwa aliyetumia steroidi nyingi, huenda ni kichwa cha mfupa wa paja kilichokosa damu na kuanza kufa. Kifua kinachochoma mtu akivuta pumzi kinaweza kuwa utando wa mapafu ulioshambuliwa, au damu iliyoganda mapafuni, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Dukani, hata hivyo, swali huwa moja: "Naomba dawa ya viungo." Kinachotoka mara nyingi ni diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu au piroksikamu, wakati mwingine zimehesabiwa kwenye bahasha ndogo isiyo na jina la dawa. Zote ni za ukoo mmoja, na ukoo huu huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kama alivyoonyesha John Vane mwaka 1971. Prostaglandini ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu. Lakini ndizo pia zinazolinda ukuta wa tumbo, na ndizo zinazouacha wazi mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio la figo. Figo yenye afya huvumilia. Figo iliyoguswa na lupasi hutegemea mshipa huo ubaki wazi, na kidonge kikiubana, uchujaji hushuka bila maumivu yoyote. Hatari huongezeka sana kwa anayetumia pia dawa za shinikizo kama enalapili au losatani pamoja na dawa ya kukojoza, hasa akiharisha au akifunga bila kunywa maji.

Omeprazoli hulinda tumbo, figo haizilindi. Sindano ya diklofenaki nayo haikwepi tumbo kama wengi wanavyoamini, kwani dawa hupita kwenye damu na kufika kulekule. Jeli ya diklofenaki ya kupaka kwenye kiungo kimoja huingiza dawa kidogo sana mwilini, hivyo ni nafuu kwa usalama. Kwa mwenye figo nzima, shinikizo zuri na tumbo salama, daktari anaweza kuruhusu ibuprofeni kwa siku chache. Lakini ibuprofeni inajulikana kuwaletea baadhi ya wagonjwa wa lupasi homa ya uti wa mgongo isiyo ya vijidudu, yenye kichwa kikali na shingo kukakamaa saa chache baada ya kumeza. Anayetumia asprini ndogo au wofarini kwa sababu ya damu kuganda asiongeze ibuprofeni kwa uamuzi wake.

Parasetamoli haipunguzi uvimbe, lakini kwa figo ndiyo salama zaidi ya hizi. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwembamba, mnywaji pombe au mwenye ini bovu hupewa kikomo cha chini zaidi. Kosa linalojirudia ni kuihesabu mara moja tu: mtu hunywa panadoli, kisha dawa ya mafua, kisha kidonge cha mseto cha diklofenaki, na zote tatu zina parasetamoli ndani. Tramadoli huhitaji cheti cha daktari. Huzoesha mwili na inaweza kuleta degedege, jambo ambalo lupasi nayo huweza kulileta.

Homa, salfa na chanjo

Homa kwa anayetumia dawa za kushusha kinga ni dharura. Inaweza kuwa lupasi imeamka, malaria, kifua kikuu au maambukizi ya damu, na parasetamoli huishusha bila kusema ni ipi. Kupima kuje kwanza. Dawa za salfa, zikiwemo septrini na SP wanayopewa wajawazito kuzuia malaria, huamsha lupasi au mzio kwa baadhi ya wagonjwa, kwa hiyo kliniki ya wajawazito ielezwe mapema. Chanjo hai kama ya homa ya manjano kwa kawaida huepukwa na wenye kinga iliyoshushwa.

Ujauzito

Ujauzito unawezekana, na huenda vizuri zaidi ugonjwa ukiwa umetulia kwa miezi 6 au zaidi kabla ya mimba. Haidroksiklorokwini huendelea; azathioprini inaruhusiwa; mikofenolati, metotreksati na siklofosfamidi hudhuru mtoto na hubadilishwa mapema. Asprini ya kipimo kidogo hutolewa kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Parasetamoli ndiyo dawa ya kwanza ya maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki huepukwa kuanzia wiki ya 20, kwa sababu hupunguza mkojo wa mtoto na kukausha maji ya uzazi, na karibu na wiki ya 30 zinaweza kufunga kabla ya wakati mshipa muhimu karibu na moyo wake. Baada ya kujifungua, mama mwenye figo nzima anaweza kurudishiwa ibuprofeni kwa muda mfupi huku akinyonyesha.