Shanga za Kiunoni, Kutoka Gede Hadi Watamu

Ukitoka Watamu kuelekea barabara kuu ya Malindi, hukawii kufika magofu ya mji wa kale wa Gede. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948. Nyumba moja ilipewa jina la Nyumba ya Ushanga wa Venisi, kwa kilichookotwa humo. Wakaazi walihama mapema karne ya 17, lakini shanga za kioo zilizovuka bahari kutoka Bara Hindi zilibaki udongoni.

Nami leo ni mtungaji shanga hapa Watamu. Kazi hii nilifunzwa na nyanya yangu, aliyekuwa somo wa maharusi. Shanga za kiunoni ni za chumbani: mke huzivaa ndani ya leso, mume akazisikia zikilia na kuzichezea. Somo anapomfunda mwari mambo ya unyumba, humfunza pia kuzitunza.

Nyanya alishikilia usafi. Shanga huoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni, zikaanikwa kivulini mpaka uzi ukauke hadi kwenye mafundo, maana uzi mbichi hunuka na kuwasha ngozi. Kisha hufukizwa udi kwenye chetezo. Uzi ukilegea hubadilishwa kabla haujakatika. Ushanga uliopasuka hutolewa, kwani ncha yake hukata. Wala haziazimwi, hata kwa ndugu wa damu.

Leo vifaa vya faragha vimekuwa vya kila aina, na kanuni ni zile zile: osha, kausha, kagua, usichangie. Maharusi, ishikeni elimu hii. Ni hidaya ya wazee wetu, na inalinda afya zenu.