Michezo ya Java na namba za koma

Wandugu, wengi wetu tulichezaka michezo ya Java katika Nokia ndogo. Mnajua ilitengenezwaka namna gani?

Mwaka 2000 Sun Microsystems ilitoa MIDP 1.0 kwa telefone. Ahadi ya Java ilikuwa hii: andika programu mara moja, itembee popote. Lakini msingi wake, CLDC 1.0, haukujua namba za koma, hata 0,5. Ukitaka mpira usogee nusu nukta, ulizidisha kila kitu kwa 256, ukahesabu, kisha ukagawa. Ni kama kuhesabu bei kwa santimu.

Hiyo watu waliizunguka. Mimi naona ahadi ilivunjika pengine. MIDP 1.0 haikuwa na sauti ya mchezo wala njia ya kujaza kioo kizima. Nokia ikaongeza vyake, na mchezo uliovitumia haukufunguka kwa telefone nyingi za kampuni zingine. Basi timu ndogo iliandika mchezo ule ule mara mbili, mara tano, pesa inaisha.

MIDP 2.0 ya 2002 ilileta sehemu ya michezo. Koma zikaja na CLDC 1.1 mwaka 2003. Lakini telefone za zamani zilikuwa bado mfukoni mwa watu, na wao pia walitaka kucheza.